Mwaka Nilipopanga Wema kwa Nafasi

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika Kimemi, hapa Butembo, saa moja kasoro, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Nilivivaa langoni. Madame Directrice, yaani mkuu wa shule, wa kwanza niliyemtumikia, mama mfupi mwenye sauti ya kwaya, alinitazama miguu kwanza, halafu uso, kisha akanipeleka mbele ya watoto wa mwaka wa kwanza wa maternelle, yaani chekechea, wale wa miaka mitatu. Walikuwa wengi, na wote walikuwa wanalia. "Masika," aliniambia, "hapa mwalimu hapana kulia. Kama unataka kulia, ngoja saa sita." Nilingoja saa sita, nikalia nyuma ya choo, nikanawa uso. Kesho yake nilirudi, na kesho yake tena, mpaka nywele zikawa nyeupe.

Ninyi mnaoingia sasa katika kazi hii mmeniuliza mara nyingi jinsi tulivyokuwa tunaifanya. Nitawaambia. Nitawaambia na habari ya wivu, maana katika masomo yote ya pédagogie, ya ualimu, hakuna mtu aliyenionya kwamba mwalimu wa watoto wadogo anaweza kumwonea mwenzake wivu mpaka chakula kikamshinda.

Kwetu Wanande, Masika ni jina la binti wa kwanza. Nilikuwa wa kwanza nyumbani, nikawa wa kwanza darasani, na kazini nilitaka hivyohivyo. Kila mwaka wakubwa humpa mwalimu cotation, yaani alama ya kazi yake. Ya juu kabisa ni Élite, inafuata Très bon, halafu Bon, na huko chini sitaki hata kufika. Mimi nilikuwa Élite. Sisemi hivyo kwa majivuno. Au basi, nasema kwa majivuno, mtanisamehe.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Jioni unaandika fiche, karatasi ya matayarisho, dakika kwa dakika. Asubuhi watoto wanapanga mstari, wanaimba, wanaingia. Kwanza causerie, mazungumzo ya kichwa kimoja kwa juma zima: juma la maji, juma la mbuzi, juma la familia. Halafu wimbo, halafu modelage, kufinyanga udongo tuliouchota wenyewe kijitoni. Mwalimu ndiye aliyefinyanga, watoto walitazama, maana mikono themanini yenye udongo ni nguo arobaini chafu na mama arobaini wenye hasira. Mbuzi wangu wa udongo alikaa juu ya kabati miaka mingi na kila Inspekta alimsifu.

Baada ya miaka kumi na moja Kimemi, ofisi ya shule za Kiprotestanti ilinihamishia Beni. Nilipewa mwaka wa tatu, watoto wa miaka mitano ambao mwakani wanaingia primaire, shule ya msingi. Ni darasa la heshima. Madame Directrice wa Beni alikuwa mtu mzima, magoti yakimuuma, na hakuficha neno. Siku ya kunipokea alinionyesha kiti chake, akiniita yaya, dada mkubwa, kwa heshima. "Yaya Masika, mimi nimechoka. Miaka kidogo na hiki kiti kitatafuta mutu. Uangalie kazi yako tu." Tangu siku ile nilikitazama kile kiti. Kilikuwa cha mbao, mguu mmoja umefungwa waya, na nilikitaka kuliko kitu chochote.

Halafu akaja Kavira.

Kavira ni jina la binti wa pili, na aliponitajia nilijisemea moyoni, vizuri, abaki hapo. Alikuwa na diploma kama yangu, lakini alikuwa amekaa miaka mingi Uganda. Mume wake aliuza mbao, wakapitia mpakani Kasindi wakaenda mpaka mashariki kabisa ya nchi ile, kwenye milima ambako kuna Wayahudi Waafrika, weusi kama mimi na wewe, wanaolima kahawa na kushika Jumamosi yao. Kavira alipata kazi katika shule yao ya watoto wadogo. Alianza jikoni, akiosha sufuria. Mwalimu mzee wa pale akamwona anavyozungumza na watoto, akamtoa jikoni, akamfundisha kazi upya. Mume alipofariki, Kavira alirudi nyumbani. Akapewa mwaka wa pili, mlango unaopakana na wangu.

Ijumaa yake ya kwanza nilikuwa katikati ya causerie ya familia. Nikaona vichwa vyote vimegeukia ukuta. "Madame," mtoto mmoja akasema, "kule banapika mukate." Kweli, harufu ilikuwa inaingia kwa juu, pale ukuta haukufika kwenye bati. Nilitoka. Watoto wa Kavira walikuwa uani, unga mpaka kwenye nyusi, kila mmoja anasuka nyuzi tatu za unga uliokandwa, kama mtu anavyosuka nywele. Mikate mingine ilikuwa kama nyoka aliyekanyagwa. Kavira hakuigusa kuinyoosha. Jiko lilikuwa sufuria juu ya makaa na makaa mengine juu ya kifuniko.

Madame Directrice alikuja na fimbo yake. "Kavira, hawa batoto batakuwa Bayuda?"

"Hapana, Mama Directrice. Batakuwa batoto benye kushika unga na mikono yabo. Kule kila Ijumaa batoto banasuka mukate ya siku yabo ya kupumuzika, na mutoto moja anakuwa mama ya Ijumaa, ndiye anagawia bengine. Hapa tunaombea chakula namna yetu, mais lakini mikono ni ileile."

Directrice alipewa kipande. Alitafuna muda mrefu. "Basi Ijumaa ijayo," alisema, "munibakizie kikubwa kidogo."

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na uliingia tumboni, si kichwani. Kila juma kulikuwa na jambo. Kule, alisema, miti ina mwaka mpya wake, basi watoto wake wakapanda maharagi katika vikombe vilivyovunjika na kila asubuhi wakapima urefu kwa vidole. Maharagi yaleyale waliyatumia kuhesabu. Na kabla ya mkate wa Ijumaa kila mtoto alitia kiganja kimoja cha maharagi kutoka nyumbani katika sanduku la mbao, na sanduku lilipojaa walilipeleka wenyewe, kwa miguu, kwa familia zilizokimbia vita kutoka upande wa Eringeti. Mimi mbuzi wangu alikuwa juu ya kabati.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa mti. Kavira alichora mti mkubwa ukutani, bila jani hata moja. Kila mtoto akifanya tendo jema nyumbani, mzazi anaandika kwenye kijikaratasi, Kavira anakikata kiwe jani, anakisoma mbele ya wote na kukibandika. Kule tendo la namna hiyo wanaliita mitzva, maana yake ni amri, jambo uliloagizwa ulifanye. Kwa wale wasio na mwandishi nyumbani Kavira aliinama, mtoto akamnong'oneza sikioni, naye akaandika. Na hakuna jani lililokuwa na jina. "Mutu moja wa darasa yetu," alisoma, "alibeba mutoto wa jirani wakati mama yake iko mugonjwa." Watoto wote waliangaliana, macho yakicheka, na mwenye tendo alitakiwa kunyamaza. Ukisema "ni mimi," jani lako linashushwa chini, kwenye mizizi. Hakuna adhabu nyingine. Niliona watoto wa miaka minne wamefunga mdomo kwa mikono miwili ili siri isitoke.

Inspekta alikuja mwezi wa tatu wa mwaka wa shule. Alikuja kunikagua mimi, fiche yangu ilikuwa safi, wimbo ulikuwa tayari. Alikaa kwangu dakika ishirini. Halafu akasikia kicheko upande wa pili, akasema, "Pardon, Mama Masika, narudi sasa hivi." Hakurudi. Saa sita nilimkuta uani amekunja mikono ya shati, anasuka mkate. Jioni ile mume wangu aliniuliza kama naumwa nikamwambia ni malaria.

Mwaka uliofuata watoto wa Kavira walipanda darasa, wakaja kwangu. Nilisema, sasa nitawaonyesha mti. Na hapa sikilizeni vizuri, maana hili ni kosa ambalo mtu wa shule za Congo tu anaweza kulifanya, na mimi nilikuwa mtu wa shule mpaka kwenye mifupa.

Niliona mti wa Kavira una kasoro moja: hauna mpangilio. Nani amefanya mengi? Nani machache? Mzazi atajuaje? Nikachora mti mkubwa kuliko wake, wenye rangi tatu. Kila jani likapata jina. Nikafungua daftari, kila tendo pointi moja. Na mwisho wa muhula, nikatangaza, kutakuwa na proclamation, kusomwa kwa nafasi kama za masomo, mbele ya wazazi wote: wa kwanza kwa wema, wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Madame Directrice alikuna kichwa. "Masika, una hakika?" Nilikuwa na hakika. Inspekta alikuwa amealikwa, na Directrice alikuwa amekwisha kuandika barua ya kuomba kupumzika. Kiti kilikuwa karibu.

Majuma mawili ya kwanza majani yalimiminika. Juma la tatu niliwakuta wavulana wawili wamemsukuma msichana kwenye matope, wote wawili wanavutana mkono wake, kila mmoja anapiga kelele kwamba ndiye aliyemwinua kwanza. Mama muuza ndizi wa pale langoni alikuja kwangu analalamika: watoto watano walimpokea kikapu kwa nguvu wakakipeleka mpaka sokoni, naye alikuwa anaelekea kanisani. Na kulikuwa na Dieumerci, mtoto wa mkuu wa ofisi moja ya serikali, baba aliyetumwa kutoka mkoa mwingine. Baba yule alileta matendo ya mtoto yamepigwa kwa mashine, kwa namba, na chini yake saini na muhuri wa ofisi. Ningefanya nini? Karatasi yenye muhuri hairudishwi. Nikabandika.

Katika darasa langu alikuwamo pia Katungu, msichana mdogo kwa umri wake, aliyekuja na bibi yake kutoka upande wa Eringeti. Wazazi hawakufika. Alikuwa amepita kwa Kavira mwaka uliotangulia. Kwangu hakuleta jani hata moja. Nilimwuliza, "Katungu, wewe hapana kufanya kitu kizuri nyumbani?" Alitazama vidole vya miguu. Sikuinama kumpa sikio. Kuinama kulikuwa ni kwa Kavira, nami sikutaka kuiga kila kitu.

Siku ya proclamation uani palijaa. Viti vya kanisa vilikuja, Mchungaji aliomba, Inspekta alikaa kando ya Directrice, na Kavira alisimama nyuma na watoto wake. Nilikuwa nimevaa kitenge kipya. Nilisoma kwa sauti. Dieumerci wa kwanza, makofi, baba yake akapiga picha. Wa pili, wa tatu. Nilivyoshuka makofi yalipungua, akina mama wakaanza kutazama chini, lakini karatasi ni karatasi, nikaendelea mpaka mwisho.

"Katungu. Matendo mema: sifuri. Nafasi ya mwisho."

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu bibi mmoja alisimama kwenye kiti cha mwisho, amejifunga kitambaa kichwani, ndara za rangi mbili.

"Madame," alisema, "munisamehe. Mimi sijue kuandika. Mais miye nauliza tu. Ile ndoo ya kunawa mikono iko pa mulango yako, nani anaijazaka?"

Nilitazama ndoo. Ilikuwa ile ya bomba, ambayo tangu wakati wa kipindupindu kila mlango wa Beni ulikuwa nayo. Kila asubuhi niliikuta imejaa. Muhula mzima sikuwahi kujiuliza. Kama ningejiuliza ningesema ni mlinzi.

"Ni huyu mutoto," yule koko, bibi yake Katungu, aliendelea. "Kila asubuhi ananiamusha, tunapita pa mto, anabeba maji na kabidoni yake mara tatu. Alisema mikono ya Madame isikose maji."

Mlinzi akaitikia kutoka langoni, "Ni kweli. Miye namufunguliaka."

Nikamtazama Katungu. Alikuwa analia, na nilidhani ni kwa sababu ya ile sifuri. Alimgeukia bibi yake, uso umelowa. "Koko, umesema! Juu ya nini umesema? Jani yangu imeshuka!"

Inspekta aliondoa miwani. Baadaye, tulipobaki wachache, aliniambia bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi, "Mama Masika, hata wema tuutilie classement, tuupange kwa nafasi?" Akacheka kidogo. Bado nakisikia kicheko kile nikiwa nafua. Kavira alikuwa akijua habari ya ndoo, nilimwona usoni. Alimchukua Katungu akamfuta machozi kwa upande wa kitenge chake, nami nilisimama pale na karatasi yangu, na hata saa ile, nawaambia ukweli, nilichosikia kwanza kilikuwa wivu. Mtoto alinibebea maji mimi, lakini alilia kwa ajili ya mti wa Kavira.

Jumatatu nilifika mapema kuliko siku zote. Nilimkuta njiani na kidumu chake, nikakipokea. Tulitembea. Nilimwambia, "Katungu, mimi ndiye nimekosa." Alifikiri kidogo. "Madame, leo hapana kusema kama ni miye." Nikamwahidi. Darasani niliufuta mti wangu wa rangi tatu kwa kitambaa kibichi, ukuta ukabaki na doa la kijani ambalo mpaka leo lipo.

Baada ya majuma matatu niliitwa Butembo, ofisi ya shule. Conseiller, mkuu aliyeshughulika na walimu wetu, alikuwa mtu wa maneno machache. Faili yangu ilikuwa wazi mezani. Nilijua nimeitiwa nini.

"Mama Masika, ile mambo ya Beni tumesikia. Kosa ni kosa, mais miaka yako yote ni Élite, na kwa kazi wewe ndiye mukubwa. Kiti ya Directrice ni ya wewe kama unakubali. Kama hapana, iko Kavira. Unasema je?"

Mnaweza kudhani nilimwaza Katungu na moyo ukalainika. Ulilainika kidogo. Lakini zaidi niliwaza hivi: Kavira ananishinda kwa mkate, ananishinda kwa maharagi, ananishinda kwa mti. Na mimi nifanye jambo moja ambalo yeye mwenyewe hataweza kulipita. Ndiyo, hata pale nilikuwa nashindana.

"Andikeni Kavira," nilisema.

Alinitazama. "Uko hakika?"

"Niko hakika. Mais mutu asijue kama ni mimi nimesema. Hata yeye. Asijue kabisa."

Alifunga faili. Alitimiza ahadi yake, na sasa amekwisha kufariki, Mungu amrehemu. Njiani kurudi Beni nilifurahi mpaka kijiji cha Maboya, halafu furaha ikaisha, nikaanza kukililia kile kiti cha waya.

Nilifanya kazi chini ya Kavira miaka tisa. Alikuwa Directrice mzuri, na nilitafuta kosa lake kwa bidii nisilipate la maana. Nilijifunza kuinama na kupokea mnong'ono wa mtoto. Nilimshusha mbuzi kutoka kabatini nikawapa watoto udongo, na kweli nguo zilichafuka, na akina mama walikuja na hasira, na waliporudi nyumbani walikuwa na mbuzi arobaini. Ijumaa nilisuka mkate. Wangu ulikuwa umenyooka kuliko wake. Hakuna aliyenipa pointi.

Siku ya kuagwa kwangu watoto waliimba, Mchungaji aliomba, na mwisho Kavira alinivuta kando, chini ya bati la jikoni. Alinishika mikono yote miwili.

"Yaya Masika, kuko neno moja siku mingi iko mu roho yangu. Balinambiaka kama mbele ya kunichagua, wewe ulienda bureau Butembo. Najua ulienda kunikatala. Haungeweza kunitaka, hata mimi ningefanya vile. Nilishakusamehe, tangu zamani. Sikutaka uende nyumbani na ile muzigo."

Ninyi vijana, siku moja mtasamehewa kosa ambalo hamkulifanya, na mtu aliye bora kuliko ninyi, huku amewashika mikono. Maneno yalinijaa kinywani. Nilifunga mdomo kama wale watoto wa miaka minne, kwa kiganja kabisa, naye akadhani nalia kwa majuto. "Wasingya," nilimwambia. Asante. Nikabeba zawadi zangu nikaenda.

Sasa nimestaafu, nimerudi Butembo, nalima bustani ndogo nyuma ya nyumba. Katungu ni msichana mkubwa, anasoma pédagogie, akija huku hunisalimia, lakini kabla ya kuja hupita Beni kumsalimia kwanza bibi yake, halafu Kavira. Mimi ni wa tatu. Nimehesabu.

Mkiniuliza kazi hii inataka nini, nitawaambia: udongo mikononi mwa mtoto, si juu ya kabati, na mwalimu anayeweza kuinama. Hayo nilijifunza kwa Kavira, naye kwa mzee wa kule milimani, mbele ya sufuria chafu. Lile jingine, la kutenda na kunyamaza, lilinishinda. Miaka yote hii nilikuwa na jani moja tu juu ya ule mti, moja, ambalo hata Kavira hakulijua, na nilipomwonea wivu sana nililitazama kwa siri nikalala. Leo nimewaandikia ninyi. Kavira asingeandika. Basi lishusheni, liwekeni chini kwenye mizizi, na mkimwona mwambieni ni mimi.